Baraza za Mawe

Neno baraza tumelipandisha cheo. Tunasema Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, na tangu mwaka 1967 tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa. Waheshimiwa hao wanao waandishi wao. Mimi nitasema machache juu ya baraza nyingine, ile ya mawe na chokaa iliyoshikana na ukuta wa nyumba, upande wa njiani.

Katika nyumba za kale za Lamu mlango hutanguliwa na daka, ukumbi mdogo wenye baraza kulia na kushoto. Mgeni wa kiume hupokelewa hapo, akanywa kahawa, akamaliza shida yake na kuondoka bila ya kuingilia faragha ya wenye nyumba. Katika Mji Mkongwe wa Unguja baraza nyingi zimetoka nje kabisa, zikaandamana na ukuta. Mchuuzi hupanga bidhaa zake juu yake. Alasiri huja bao na muuza kahawa na dele lake. Masika yakifurisha vichochoro, wapita njia hupanda barazani wakavuka bila ya kulowa miguu. Aliyemlipa fundi ni mwenye nyumba, lakini aliyechoka hukaa bila ya kupiga hodi. Kwangu mimi hapo ndipo penye akili ya ujenzi huu.

Tusiipambe mno, lakini. Baraza ilikuwa ya wanaume. Wanawake wa Lamu walikuwa na wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, wapate kutembeleana bila ya kushuka chini. Kumsitiri mtu ni jambo moja. Kumpa mahali pa kukaa mjini ni jambo jingine.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu wa Ujerumani Mashariki walisaidia kuupanga upya mtaa wa Ng'ambo, na yakainuka majumba ya Michenzani, marefu kama gari moshi. Kuyabeza si haki, kwani watu walipata makazi ya kudumu. Ila anayeishi ghorofa ya tano hana ukuta unaogusana na njia. Wakazi wakajitengenezea vikao chini ya majumba, wakaviita maskani.

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Wageni hupiga picha milango ya nakshi. Nimeona nyumba iliyogeuzwa hoteli, baraza yake imejazwa vyungu vya maua na mlinzi amesimama kando. Hakuna aliyeibomoa, lakini hakuna tena awezaye kuikalia.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu tulikabidhiwa majengo mapya. Ramani ilikuwa na madarasa, bwalo na mabweni. Mahali pa kukaa jioni hapakuwapo, na wanachuo walijazana kwenye ngazi. Matofali yalikuwa yamebaki. Nikamwita fundi mzee wa pwani, naye hakutaka ramani: kimo alikipima kwa goti lake, upana kwa watu wawili na bao katikati. Aliniuliza tu ajenge upande gani. Nikamwambia ajenge mbili, na aanzie bweni la wasichana.