UZI: Mimba, mshahara wa bandarini na bei ya unga

Kila msimu wa kampeni hapa Mombasa mama mjamzito hupandishwa jukwaani, na hoja ni zile zile mbili. Mmoja atasema akina mama hawajui lishe, waelimishwe. Mwengine atasema wodi tumejenga, kujifungua ni bure, mwataka nini tena? Bishano hili lina umri kuliko wanaobishana, kwa hivyo tulirudie kwa historia yake.

Mwili kwanza, kwa ufupi. Mimba yataka damu. Mama akikosa madini ya chuma damu hupungua, na akivuja siku ya kujifungua hana akiba. Mtoto naye aweza kuja kabla ya wakati au na uzito mdogo. Utafiti uliochapishwa 1998 kuhusu wajawazito 275 Kilifi ulikuta asilimia 56 wanakula udongo mara kwa mara. Na wanawake wa huko walipohojiwa, wenyewe waliunganisha kula udongo na upungufu wa damu na safura. Yaani walijua kuna kitu mwilini kimepungua. Kujua si kupata.

Ng'ambo ya bahari hii hii, Bombay, daktari Mwingereza aitwaye Lucy Wills alianza 1928 kuchunguza kwa nini wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wanakufa kwa kukosa damu. Hakupata kidudu. Alichopata ni sahani ya maskini. Akawapa Marmite, ule urojo mweusi wa hamira wa kupaka mkate, wakapata nafuu. Kilichokuwa ndani yake baadaye kikajulikana kama asidi ya foliki.

Na huku kwetu? Miaka hiyo hiyo ya 1920 chama cha mke wa gavana kilianza kufungua nyumba za uzazi Kenya. Jina Lady Grigg, ambalo wakongwe wa Mombasa walijua kama wodi ya uzazi, latoka hapo. Vitanda vikaja. Sasa angalia daftari la mshahara: kibarua wa bandari alipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na mke. Chakula chake, pa kulala pake, nguo zake, basi. Mke, hata awe na mimba ya miezi saba chumbani Majengo, hakuwemo. Ilidhaniwa yuko shamba bara, anajilimia.

Januari 1947 mji ukasimama. Karibu watu 15,000 waligoma, bandarini, relini, mahotelini, mpaka wapishi wa majumbani, wakikutana Kiwanja cha Maskini. Vitabu vingi vinauita mgomo wa makuli, sawa, lakini kilichokuwa kikibishaniwa ni kama mshahara waweza kulisha nyumba. Serikali ya kikoloni ilifika 1954 ndipo Kamati ya Carpenter ikapendekeza mshahara upimwe kwa familia.

Mji wa Kale tuna arubaini: mzazi hupikiwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, hukandwa, hafanyi kazi. Mila nzuri sana. Lakini mkusanyiko huo waja baada ya mtoto. Serikali nayo ndivyo ilivyo, huja siku ya uchungu. Juni 2013 ada za kujifungua zikafutwa katika hospitali za umma. Mwaka 2014 asilimia 62 ya waliojifungua walizalishwa na wahudumu wenye ujuzi. 2022 ikawa 89. Mruko mkubwa huo! Na vifo vya watoto wa chini ya mwezi mmoja? Kutoka 22 kwa kila 1,000 hadi 21. Siwezi kusema chakula pekee ndicho sababu, hata ubora wa huduma wodini una sehemu yake. Ila kitanda peke yake hakikutosha.

Tangu 2012 sheria yataka unga wa pakiti, mahindi na ngano, utiwe madini ya chuma na asidi ya foliki. Ni jambo kubwa, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi, kabla wengi hawajajua wana mimba. Vidonge vya kliniki humkuta mtoto kashapita hapo. Anayesagisha mahindi mtaani kwa sababu ya bei, unga wake hautiwi kitu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka mkate utozwe asilimia 16 na mafuta ya kupikia asilimia 25, kabla mapendekezo hayo kuondolewa, tulibishana kuhusu bajeti na deni. Wajawazito sikusikia wakitajwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba kimeweka afya ya uzazi na chakula cha kutosha pamoja. Utekelezaji ndio umegawanywa: zahanati ni za kaunti, kodi ya mkate na kima cha chini cha mshahara huamuliwa Nairobi. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akiahidi lishe ya wajawazito, bei ya mkate si yake. Ushuru anaotozwa muuza mchicha Marikiti na Kongowea ni wake. Muulizeni huo.