Una kiungulia? Mwambie daktari kabla hujakatwa tumbo ili upungue

Unafikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito? Kama kiungulia kinakusumbua mara kwa mara, usikimbilie kuchagua.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni wa kukata mfuko wa chakula. Karibu asilimia 80 ya mfuko inaondolewa, unabaki mrija mwembamba kama ndizi. Unashiba haraka, lakini presha ndani ya mrija inapanda na asidi inasukumwa kurudi juu. Wapo ambao kiungulia chao huzidi, na wapo wanaokipata kwa mara ya kwanza.

Shida iko hapa: upasuaji wa kawaida wa kutibu kiungulia, ulioanzishwa na daktari Rudolf Nissen mwaka 1955, huzungusha sehemu ya juu ya mfuko kwenye mwisho wa umio ili kukaza mlango. Ukishakatwa, sehemu hiyo haipo tena.

Mara nyingi njia inayobaki ni baipasi. Kifuko kidogo kinaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo asidi inayopanda ni kidogo sana. Ndiyo maana mwenye kiungulia kikali hushauriwa aanze na hiyo. Ila vitamini B12 na madini ya chuma hupungua, kwa hiyo vidonge utameza maisha yako yote.

Baada ya upasuaji wowote kati ya hizi, ukiona homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali ya tumbo, usisubiri kesho. Rudi hospitali siku hiyohiyo.