Umbali na Mwendo: Funzo la Historia kutoka Nakivale

Katika kufundisha msamiati wa safari, aghalabu walimu huyachukua maneno umbali na mwendo kana kwamba yana maana moja. Historia ya Nakivale inatuonyesha kuwa sivyo. Umbali hupimwa kwa kilomita na haubadiliki. Mwendo, kama walivyouhesabu wasafiri wa misafara ya bara, hupimwa kwa siku na saa, nao hutegemea hali ya msafiri.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika Ankole. Baadaye eneo hilo lilikuwa chini ya Wilaya ya Mbarara, na tangu 2005 limo katika Wilaya ya Isingiro. Waliofika mwanzo ni Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Kutoka Kigali hadi Mbarara ni takriban kilomita 160 kwa mstari ulionyooka, safari isiyofika nusu saa kwa ndege ya jeti ikiwa angani. Lakini wengi walikuja kwa miguu, baadhi wakiswaga ng'ombe wao. Ikumbukwe kuwa tangu Mei 1952 ndege ya Comet ilikuwa ikitua Entebbe, ikiwabeba abiria kutoka London hadi Johannesburg kwa muda wa chini ya saa 24. Hivyo, katika nchi ile ile, wa mbali alifika upesi na wa jirani akachelewa.

Miaka iliyofuata walikuja pia Wakongomani, Warundi na Wasomali, na Kiswahili kikawa daraja la mawasiliano baina ya wengi wao. Katika miaka ya 2010, Wakongomani wengi walikubaliwa kuhamia Marekani. Kutoka Entebbe hadi Chicago ni kama kilomita 12,450. Kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, hizo ni saa 14 hivi angani. Ukiongeza kubadilisha ndege, ni siku nzima au zaidi. Hata hivyo, kabla ya kupanda basi la kwenda Entebbe, msafiri hupitia mahojiano, uchunguzi wa usalama na vipimo vya afya. Mwendo huo ni wa miaka. Januari 2025 Marekani ilipositisha mpango wa kupokea wakimbizi, watu waliokwisha kupangiwa ndege walifutiwa safari. Umbali haukuongezeka hata kwa kilomita moja, ila mwendo ukawa hauna kipimo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba somo la safari lisiishie kwenye ramani na kusoma saa za tiketi, ingawa ni muhimu mwanafunzi ajue kuwa 23:00 ni saa tano usiku. Aulizwe pia maswali mawili yaliyo tofauti: kuna umbali gani, na ni mwendo wa muda gani? Katika darasa lenye wanafunzi kutoka Nakivale, swali la pili ndilo litakalozaa insha.