Dhihaka na Mdhamini Wake

Mji wa Modogashe, ulioko mpakani mwa kaunti za Garissa na Isiolo, mahali ambapo njia itokayo Isiolo hugawanyika, moja ikielekea Habaswein na Wajir, nyingine ikishuka kupitia Nuno hadi Garissa, haukupata kuwa mji wa kuta. Wakazi wake, Wasomali na Waborana, ni uzao wa watu waliojenga kwa vijiti na mikeka, nyumba ambayo habari ya mvua ikifika kutoka mbali hufunguliwa alfajiri ikapakiwa juu ya ngamia, na adhuhuri pale ilipokuwa hapaonekani ila majivu ya jiko. Kwa hiyo mzee wa huko atakayeulizwa kama michoro ya kejeli inayochorwa usiku katika kuta za mabarabara yastahili kutiwa maanani, ama ni mchezo wa vijana waliopata rangi za kopo, ana udhuru wa kujibu kwamba swali hilo wapelekewe wenye kuta. Nami nadhani hapana watu katika Kenya wanaostahili zaidi kuulizwa, maana hao, zamani kabla rangi ya kopo haijafika, walikwisha kuitia dhihaka katika sheria na kuitajia malipo yake.

Sheria hiyo Wasomali huiita heer. Ni mapatano ya mila yanayohifadhiwa vichwani mwa wazee, yakaenda sambamba na sharia ya Kiislamu, na nguzo yake ni kwamba mtu hasimami peke yake duniani: nyuma yake lipo kundi la jamaa wa upande wa baba, waliofungamana kulipa diya akiua na kuipokea akiuawa, ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Lakini heer haikuishia kwenye damu. Imeweka vilevile malipo ya heshima, yaitwayo haal, ambayo hupewa mtu aliyevunjiwa murua wake kwa tusi au kashfa, hata ikiwa hakuchubuliwa ngozi wala hakupotewa na mbuzi mmoja. Na wanaolipa si ulimi uliotamka peke yake bali ni jamaa zake pamoja naye. Basi fikiri, msomaji, hali ya kijana mwenye kipawa cha maneno katika watu wa namna hiyo: kila anapofungua kinywa kumdhihaki mkuu wa kabila jirani, ami zake na wana wao huanza kuhesabu mifugo yao.

Wala kipawa hicho hakikuwa haba. Aina tukufu ya ushairi wa Wasomali, gabay, hufungwa kwa kanuni ngumu, kila mstari ukilazimika kuwa na neno linaloanza kwa sauti ileile iliyoanzishwa mwanzoni, tangu tungo kufunguliwa hata kufungwa. Na ugumu huo una faida, kwa kuwa tungo iliyokazwa hivyo haipotei njiani. Msikilizaji mwenye hifadhi nzuri huichukua akaenda nayo mwendo wa siku kadhaa hadi kisima kingine, akaisoma mbele ya wageni neno kwa neno. Adabu ilimtaka jambo moja kabla ya kuanza, nalo ni kulitaja jina la mtungaji. Tungo yenye kejeli ilizunguka nchi ikiwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jamaa, na jamaa walijulikana malisho yao. Aliyechomwa na maneno yale alijua ni wapi pa kupeleka shauri, au pa kupeleka jibu.

Jibu ndilo lililopendwa. Katika miaka iliyofuata kufa kwa Sayyid Mohamed Abdille Hassan, mshairi aliyewapiga vita Waingereza, mtungaji Ali Dhuh alitunga tungo ya kuwasimanga Waogaden, ambao Waaulihan wa Lagdera na Modogashe ni tawi lao, kwa visima na ngamia waliopokonywa na Waisaaq, kabila jingine la Wasomali. Qamaan Bulhan akasimama kuwatetea Waogaden, Salaan Arrabey akasema kwa upande wa Waisaaq, na mnyororo huo wa mashairi, unaojulikana kwa jina la Guba, ukaendelea kuamsha kisirani na fahari kwa muda mrefu. Watu wa pwani hawatauona mgeni ushindani wa namna hii, kwa maana Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika zama za Wamazrui kushindana na Seyyid Said, aliutumikisha ulimi wake kwa kazi iyo hiyo, na majibizano ya Lamu na Pate yalitangulia hata ya kwake. Tofauti ni kwamba pwani palikuwa na karatasi na herufi za Kiarabu, ilhali barani mashairi yalikaa vifuani.

Sayyid mwenyewe alikuwa bingwa wa dhihaka kuliko wote. Mnamo Agosti 1913, Richard Corfield, kamanda wa kikosi cha askari wa ngamia wa Waingereza, alipouawa katika vita vya Dul Madoba, Sayyid alimtungia maiti shairi, akimwagiza nini akasimulie huko motoni aendako juu ya namna alivyokufa. Waingereza walikuwa na mizinga, na mwaka 1920 wakaleta hata ndege kuipiga ngome ya Taleh. Lakini wao nao hawakuidharau silaha ya kejeli, kwani walimpachika Sayyid jina la Mullah Mwendawazimu, jina ambalo limedumu vitabuni mwao kuliko amri zao nyingi. Yeyote asemaye kwamba dhihaka ni jambo dogo na atueleze kwa nini dola kubwa kama ile, yenye wanajeshi na hazina, iliona haja ya kumtukana mtu wa nyikani.

Wala si dola ile peke yake iliyoitia dhihaka maanani: inasimuliwa katika habari za Sayyidna Umar kwamba mkuu mmoja, az-Zibriqan bin Badr, alimshitaki kwake mshairi al-Hutai'a kwa beti alizozitunga, ambazo kwa nje zilionekana kama maneno ya kumtuliza mtu akae nyumbani, ale, avae, asijisumbue kutafuta utukufu. Khalifa alisema kwamba yeye haoni tusi hapo. Lakini hakukata hukumu kwa maoni yake. Aliagiza aitwe Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, aulizwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa fani, na Hassan akashuhudia kuwa huo ni uchafu mtupu juu ya heshima ya mtu. Al-Hutai'a akatiwa shimoni, akatoka baadaye kwa shairi la kuwaombea watoto wake, na inasemekana kwamba Khalifa alizinunua kwake heshima za Waislamu kwa dirhamu 3,000 ili asiwaguse tena. Naipenda habari hii, si kwa sababu ya kifungo, ambacho pengine kilizidi, bali kwa sababu ya mtawala kukiri kwamba yako maneno asiyoyaelewa na kumwita fundi amfasirie. Wakuu wangapi wa leo wamewahi kumwita mchoraji ili awafasirie picha ya mchoraji mwenzake?

Sasa turudi kaskazini, ambako serikali ya kikoloni, kwa amri ya mwaka 1902 na nyingine kali zaidi ya 1934, iliifunga nchi yote ya mpaka, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Uhuru ulipowadia mambo hayakulegea: tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa Nairobi, hali ya hatari ilitangazwa katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na haikuondolewa hata 1991. Katika nchi ya namna hiyo nani angeandika ukutani? Ukuta uliokuwepo ulikuwa wa boma la serikali au wa kambi ya askari. Tena lugha ya Kisomali yenyewe haikuwa na maandishi rasmi mpaka Oktoba 1972, Somalia ilipochagua herufi za Kilatini. Kilichovuka mpaka ni sauti, na katika vita vya shifta, vya Wasomali wa kaskazini waliotaka kujiunga na Somalia, Redio Mogadishu iliingia katika mahema ambayo askari hakuweza kuyafikia. Hapo ndipo serikali mbili, ya Kenya na ya Somalia, zilipoonyesha jinsi zilivyoyahofu maneno, kwa kuwa mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Oktoba 1967, yaliyosuluhishwa na Rais Kaunda wa Zambia kati ya Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wa Somalia, pamoja na kutaka amani ya mpaka na kurejeshwa kwa mabalozi, yalizitaka pande zote mbili kuacha propaganda za uadui katika redio na magazeti. Bunduki na utenzi viliwekwa katika hati moja.

Baada ya redio ikaja kaseti. Mwishoni mwa 1979 Mohamed Hashi Dhama, aitwaye Gaarriye, alianzisha mnyororo wa Deelley dhidi ya utawala wa Siad Barre huko Somalia, Hadraawi akaungana naye, yeye aliyekuwa ametoka kifungoni mwaka uliotangulia, na tungo zikanakiliwa toka chombo hadi chombo. Jina la mtungaji, kama desturi, lilitangulia.

Ndipo tunapofika kwenye kuta za Nairobi. Mwezi wa Februari 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, kikundi cha wachoraji pamoja na Boniface Mwangi, mpigapicha aliyejulikana kwa picha zake za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, kilichora katika barabara ya Muindi Mbingu, karibu na City Market, picha kubwa ya tumbusi aliyevaa suti, ameketi kitini kwa raha ya mtu aliyeshiba, na kando yake orodha ya maovu ya viongozi tangu uhuru. Watu walisimama wakasoma, wengine wakacheka. Baadaye picha zilipakwa rangi zikafutwa. Mwezi wa Juni mwaka uleule majeneza 49 meusi yalichukuliwa hadi Bungeni, na Mei 2013, wabunge walipotaka kujiongezea mishahara, nguruwe waliachiwa mbele ya lango la Bunge hilohilo pamoja na damu.

Yafaa niseme hapa kwamba mambo hayo hayasomwi kwa jicho moja kila mahali. Mfugaji wa Modogashe anamfahamu tumbusi kwa sura nyingine: katika ukame wa 2011, na katika ule mrefu uliofika hadi mapema 2023, ndege huyo aliyasafisha malisho kwa kula mizoga, wala hakuua ng'ombe hata mmoja, na kumfananisha na mla rushwa ni kumsingizia. Fisi angefaa zaidi. Wasomali wana hadithi yao mashuhuri ya fisi aliyeambiwa na simba agawe nyama, akagawa kwa alivyodhani kuwa ni haki, akapigwa hata jicho likamtoka, na mbweha alipoamriwa baada yake akampa simba nyama zote, akasema kwamba aliyemfundisha ugawaji ni lile jicho la fisi. Hapo ipo kejeli inayompata simba, fisi na mbweha kwa mpigo mmoja, na bila kopo la rangi. Ama nguruwe, kwa Muislamu wa Garissa ni najisi, na yamkini yule aliyekubaliana kabisa na hoja juu ya mishahara aligeuza uso asiwatazame.

Hata hivyo hizo ni lawama za fundi kwa fundi. Jambo kubwa ni kwamba ukuta ule wa Muindi Mbingu ulikuwa na mwenyewe. Mwangi hakujificha, alisema mbele ya watu kwamba kazi ni yao, akashikwa zaidi ya mara moja kwa maandamano yake, akaendelea kutajwa kwa jina lake. Kwa kipimo cha heer hilo ndilo sharti la kwanza la neno zito: ajulikane wa kudaiwa. Nakiri kwamba dhihaka isiyo na mwenyewe inanitia shaka, hasa inapopigwa si juu ya mtawala bali juu ya kabila jirani, maana Surat al-Hujurat imekataza watu kudharauliana, na katika nchi ya visima vinavyogombaniwa mzaha mmoja wa kabila huweza kugharimu roho. Wazee waliokusanyika Modogashe mwaka 2001, kutoka Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo na wilaya za jirani, wakaandika Azimio la Modogashe juu ya malisho, wizi wa mifugo, silaha haramu na ujambazi wa barabarani, waliijua hesabu hiyo vizuri. Fidia waliyoiafiki kwa mwanamume aliyeuawa ilikuwa ile ile ya wanyama 100, na 50 kwa mwanamke, ikawafunga Wasomali na Waborana pamoja.

Kuifuta picha kwa rangi nyeupe ni kukiri kuwa imeuma, kisha kukataa kujibu. Sayyid hangelielewa tendo hilo, wala Qamaan Bulhan, kwa sababu kwao aliyepigwa kwa shairi akanyamaza, huku akimtuma mtu usiku kuwaziba midomo wasomaji, alikuwa amekwisha kushindwa mbele ya kadamnasi. Wakati wa ghasia za kodi za 2024 vijana wa Kenya walimpa rais majina ya mzaha, na picha za kumkejeli zikaenea katika simu badala ya kuta. Desemba ya mwaka huo baadhi yao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, polisi wakakana kuhusika, na wachache wakarudishwa makwao mapema Januari 2025. Mashauri ya namna hiyo yangefikishwa chini ya mti huko Modogashe, wazee hawangeanza na picha, kwa kuwa mwenye picha amekwisha kujulikana, na jamaa zake wapo tayari kulipa haal ikithibiti kwamba mtu kavunjiwa heshima bila haki. Wangeuliza kwanza ni ukoo gani uliowatuma wale waliokuja na gari, kwa sababu mpaka ukoo huo utajwe, mdai katika kesi ile ni mchoraji.