Ganzi ya dawa za saratani: usimfiche daktari

Mada ya leo sio ya burudani, ila naomba msome maana wengi wetu tuna mzazi au ndugu anayetibiwa saratani.

Kuna dawa za kemotherapi ambazo zinagonga pia mishipa ya fahamu. Zinazojulikana sana kwa hilo ni paclitaxel, docetaxel, cisplatin, oxaliplatin na vincristine. Mgonjwa anaanza kuhisi ganzi kwenye ncha za vidole vya mikono na miguu, au kama anachomwachomwa na sindano. Baadae kufunga vifungo vya shati inakuwa kazi, na kandambili inamvuka njiani hana habari.

Kuna kidonge cha kuzuia? Hakuna. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilipitia tafiti mwaka 2014 na tena 2020, hakikuona dawa hata moja ya kupendekeza. Tena kirutubisho kimoja, acetyl-L-carnitine, kilijaribiwa kwa wanawake 409 wenye saratani ya matiti, na majibu yaliyotoka 2013 yalionyesha waliokimeza ndio walizidiwa na ganzi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo yule jamaa wa makopo ya "kujenga mishipa" mpe pole, hela kanunulieni matunda.

Kinachosaidia ni kusema mapema. Daktari akijua anaweza kupunguza dozi, kusogeza mbele dripu inayofuata au kubadili dawa. Tatizo watu wanaficha. Mama yangu mdogo alinyamaza miezi miwili, akiogopa dozi ikipunguzwa ugonjwa utarudi. Siku anasema, alikuwa hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano, na yeye ni fundi cherehani! Hofu yake naielewa kabisa, lakini kupima kipi kizito kati ya dozi na vidole ni kazi ya daktari, na hawezi kupima asichoambiwa. Halafu kwa cisplatin na oxaliplatin, ganzi inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa hata baada ya dawa kusimama.

Kuna hii ya barafu pia. Japani walijaribu kwa wagonjwa 36 wa paclitaxel, wakawavalisha glovu na soksi za barafu upande mmoja wa mwili tu wakati wa dripu. Majibu ya 2018: upande uliopozwa uliumia kidogo kuliko ule mwingine. Utafiti ni mdogo, na msikurupuke wadau, kwa oxaliplatin mambo ni kinyume: baridi ndio inaamsha maumivu, hata maji ya friji unayaacha kwa siku kadhaa baada ya dripu. Ulizia jina la dawa kwanza.

Na kabla ya dripu ya kwanza, mwambieni daktari kama mgonjwa ana kisukari, anakunywa pombe, au aliwahi kupata ganzi ya miguu kwa dawa nyingine, mfano zile ARV za zamani zenye stavudine.