Vimeng'enya dhidi ya sumu ya sepsisi

Vimeng'enya dhidi ya sumu ya sepsisi ni protini zinazokata sumu ya bakteria ili isiuchochee mwili kujidhuru. Sepsisi, ambayo wengi huiita sumu kwenye damu, hutokea pale kinga ya mwili, ikipambana na maambukizi, inapogeuka na kuumiza figo, mapafu na moyo wa mgonjwa mwenyewe.

Sumu iliyochunguzwa zaidi ni endotoksini. Jina hilo lilitoka kwa Richard Pfeiffer, aliyefanya kazi Berlin chini ya Robert Koch. Katika miaka ya 1890 aliona kwamba vijidudu vya kipindupindu vilivyokwisha kuuawa kwa joto bado viliua wanyama wa maabara. Sumu imo katika ukuta wenyewe wa bakteria hasi wa Gram, wakiwemo E. coli, Klebsiela na Salmonela. Hapo ndipo ugumu wa tiba ulipo, maana antibiotiki inapompasua bakteria, vipande vya ukuta wake humwagika kwenye damu. Uzito wa jambo hili ulionekana katika Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, mwaka 2001 hadi 2002: kati ya watoto waliokutwa na bakteria wa kundi hilo kwenye damu, karibu 44 katika kila 100 walifariki. Kwa wenye malaria walikuwa 20.

Makali ya endotoksini yamo katika kipande cha mafuta kiitwacho lipidi A. Ya E. coli ina fosfati mbili na minyororo sita ya asidi za mafuta, na kwa umbo hilo hasa hushikwa na kipokezi cha kinga, TLR4. Mwili una mikasi yake. Fosfatasi ya alkali, iliyojaa kwenye ukuta wa utumbo na kupatikana hata katika maziwa, hung'oa fosfati. Kimeng'enya kingine, asiloksiasili hidrolasi cha chembe nyeupe za damu, kilichoelezwa na watafiti Hall na Munford mwaka 1983, hukata minyororo miwili. Sumu iliyokatwa hivyo hubaki na umbo lake kwa sehemu kubwa, ila ukali wake hupungua mno.

Kutoka hapo wazo la dawa lilikuwa la kawaida kabisa: ongeza mkasi. Fosfatasi ya kwanza kujaribiwa kwa wagonjwa ilitolewa kwenye utumbo wa ndama, kisha ikatengenezwa ya kibinadamu. Jaribio la wagonjwa 301 wenye sepsisi na figo zilizoumia, lililochapishwa mwaka 2018, halikuonyesha figo kupona upesi katika siku za mwanzo, lakini vifo vilikuwa vichache kwa waliopewa dawa. Matumaini yalipanda. Jaribio kubwa lililofuata, la wagonjwa 650, lilisimamishwa kwa sababu vifo vya pande zote mbili vililingana. Pengine kufikia wakati mgonjwa analazwa wodi ya mahututi, sumu imekwisha kuwasha moto ambao mkasi hauwezi kuuzima.

Kwa hiyo mama mwenye homa ya uzazi anayetolewa Mlandizi kwenda Hospitali ya Tumbi, Kibaha, mkoani Pwani, hutegemea antibiotiki ya mapema na maji ya mshipani. Hata maji hayo yanataka uangalifu: jaribio la watoto 3,141 wenye homa kali nchini Kenya, Uganda na Tanzania, lililotolewa mwaka 2011, lilikuta kwamba kuwamiminia maji kwa haraka kuliongeza vifo.

Lipidi A iliyopunguzwa makali, hata hivyo, imekwisha kufika mkoa huo wa Pwani. Huko Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki katika majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Kiamsha kinga cha chanjo hiyo kina lipidi A ya Salmonela iliyoondolewa fosfati moja, kwa kemia badala ya kimeng'enya. Kitu kinachoua kikiwa kizima kilidungwa kwa watoto wa Bagamoyo ili kuifundisha kinga yao kumtambua kimelea wa malaria.