Gitaa la kwanza: kavu, la umeme au la zamani?

Mwaka jana mpwa wangu, msichana wa miaka 12, aliniomba gitaa. Kwa ujuaji wangu nikamnunulia la zamani kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama Mombasa. Mbao nzito, linang'aa, nikajiona nimeokota dhahabu. Wiki mbili baadaye akalitundika ukutani, akanionyesha vidole vilivyochubuka. "Mjomba, mimi sina kipaji."

Kipaji anacho. Nilipopima, nyuzi zilikuwa zimenyanyuka juu ya shingo karibu milimita 6. Hata mimi mkono ulinishinda.

Basi ukienda kununua, chukua rula. Hesabu vile vyuma vidogo vilivyokata shingo hadi cha 12, upime nafasi kati ya chuma hicho na uzi mnene. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 zatosha. Kwa nailoni, 3 hadi 4. Kisha piga uzi ukiwa wazi, halafu uubonyeze hapo kwenye cha 12. Isikike sauti ile ile, ila ya juu. Ikienda kombo, liache.

Gitaa kavu liko la namna mbili, na wauzaji wengi huyachanganya. La nailoni lina shingo pana na halichubui vidole sana. Kwa mtoto ningeanza nalo. La chuma lina sauti kali zaidi. Msitie nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni hata mkishauriwa: mvuto wake ni mkubwa mno, utang'oa kibao kinachoshika nyuzi au kupinda shingo.

La umeme watu husema si la anayeanza. Mimi siafiki. Nyuzi zake ni nyembamba na hukaa chini, kwa hivyo ndilo jepesi kwa vidole. Fundi Konde, mtu wetu wa pwani, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa mwanzo wa gitaa la umeme hapa Kenya. Ila hesabu na bei ya amplifaya, na kama nyumba yako haina waya wa ardhi, itengeneze kwanza. Mkono wako utakuwa umeshika chuma.

La zamani ndilo lililoniponza. Ni kweli Fender zilizotengenezwa kabla kampuni haijauzwa kwa CBS mwaka 1965 husakwa kwa pesa nyingi, lakini hiyo haifanyi kila gitaa kuukuu kuwa mali. Huku kwetu unyevu wa bahari huachisha gundi, kibao kikainuka, funguo za kukazia nyuzi zikashika kutu. Litazame shingo kwa jicho moja, kama seremala anavyotazama ubao.

Mpwa wangu sasa ana la nailoni, na jirani wameanza kulalamika. Lile jingine bado liko ukutani. Fundi ameniambia kulitengeneza kutanigharimu kuliko nilivyolinunua.